Mama, Lifti Imefika Ghorofa ya Nane

Mpendwa mama,

Lifti imekamilika. Nimeona nikuambie wewe kabla ya kumpigia dada, kwa sababu katika watu wote wa nyumbani ni wewe peke yako uliyewahi kupanda ngazi za jengo hili. Na ni wewe uliyeniuliza siku ile ya kwanza, hatujavuka hata ghorofa ya nne, umeegemea ukuta unatafuta pumzi, "Neema, hawa watu hawana kamati?"

Nilicheka. Nilikuwa nimebeba mkoba wako mgongoni na Elia tumboni, na Awei, mkwe wako, alikuwa mbele yetu na sanduku lako kichwani kama mtu wa Lushoto. Nikakwambia kamati ya nini, mama, hapa ni Guangzhou, kila mtu anafunga mlango wake. Ukanitazama tu. Nilijua mtazamo ule. Ndio uliokuwa unamtazama nao mtu aliyekuambia bomba limepasuka na haimhusu kwa sababu halijapasuka kwake.

Sikuwahi kukueleza vizuri habari za jengo hili, kwa hiyo nikueleze sasa. Lilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda cha nguo. Baadaye kiwanda kiliondoka na kila familia ikauziwa nyumba yake, na hii ya kwetu ya ghorofa ya nane ndiyo wazazi wa Awei waliyomwachia. Tangu hapo kila mtu ni mwenye mali ndani ya kuta zake. Ila ngazi, paa, ukuta wa nje na ule uwanja wa kuegesha pikipiki ni vya wote, na kitu cha wote hakina wa kukisemea. Wakati ule waliohamia walikuwa vijana na hakuna aliyefikiria magoti. Sasa wamezeeka wote kwa pamoja.

Mzee Chen wa ghorofa ya saba alipata kiharusi kabla hujaja. Unamkumbuka, yule aliyekuwa akikupungia mkono kupitia wavu wa mlango kila ulipopita. Akitakiwa hospitali, wanaume wanne walimbeba kwenye kiti cha mbao. Siku nyingine zote alikaa dirishani, na mke wake akakaa naye.

Na wewe, mama, na goti lako, ulikuwa unashuka mara chache kwa juma, ukifika chini huna nguvu hata ya kufika sokoni. Ndivyo ulivyoanza kukaa kwenye kile kigoda cha plastiki mlangoni kwa Bibi Liang wa ghorofa ya chini.

Kila nikitoka soko la Sanyuanli kupakia mizigo niliwakuta nyinyi wawili. Yeye anaongea Kikantoni, wewe unajibu Kisambaa, na Kiswahili mnamwachia Elia, aliyelala kwenye kanga mgongoni kwako. Mbele yenu ule ungo mpana wenye maganda ya machungwa anayoyaanika dirishani, anayatunza miaka na miaka kwa ajili ya supu na dawa. Ulijifunza kuyageuza bila kuyavunja. Popo, ulikuwa unamwita, kama watoto wote wa hapa wanavyowaita bibi zao, na yeye akakuita Mama, kwa sababu alinisikia mimi nikikuita hivyo, akadhani ndilo jina lako.

Jioni moja uliingia ndani ukakaa kitandani kwetu ukaniuliza ile karatasi iliyobandikwa kwenye ukuta wa chini inasema nini. Nikakwambia wenye nyumba wa juu wanataka kuongeza lifti kwa nje, mnara ujengwe ukutani, na kwamba Bibi Liang ndiye anayekataa. Watu walikuwa wanamsema vibaya. Ana roho mbaya, walisema, yuko chini, lifti haimhusu, basi anawakomoa.

Ulifikiri kidogo. Kisha ukasema, "Yule hakatai lifti. Anakataa giza. Mnara wao unasimama kwenye dirisha lake."

"Amekwambiaje, mama, na hamwelewani?"

"Alinishika mkono akanipeleka chumbani. Akasimama pale, akafunika macho kwa viganja."

Usiku ule nilikumbuka kamati yako ya maji. Nilikuwa darasa la tano mlipoleta maji ya mserereko kutoka msituni. Watu walidhani kamati ni serikali ya kijiji ya pili, wakaleta kila jambo. Mwalimu mkuu akaja kuomba mfuko wa maji ununue madawati. Ukamkaribisha chai, ukamwambia kwa upole kwamba kamati hii imezaliwa kwa ajili ya bomba tu, inakusanya kwa wanaochota tu, na siku itakapoanza kununua madawati ndiyo siku watu watakapoacha kuchangia. Aliondoka amenuna. Mwaka uliofuata, bomba lilipopasuka wakati wa mvua, pesa ya kununua jingine ilikuwepo.

Lakini ninachokumbuka zaidi ni mzee Shemboko. Bomba lilitakiwa lipite shambani kwake, na mkutano mzima ukapiga kura lipite. Mlishinda kwa mikono mingi sana. Watu wakashangilia, wakataka kwenda na majembe hapohapo. Ukawaambia, "Tumeshinda. Sasa twende tukaongee naye." Nilikufuata, nikakuona ukikaa naye chini, humwambii kitu, mpaka yeye mwenyewe akakuonyesha alipomzika mke wake, kwenye mstari uleule wa bomba. Mkazungusha bomba. Mtaro ukawa mrefu, wanaume wakalalamika mpaka siku ya kuweka udongo, na wewe ulikuwa unawapelekea uji.

Uliondoka Guangzhou viza yako ilipokwisha, Elia akiwa anaanza kukutambua. Simu ya dada ilinikuta Pazhou, kwenye kumbi za maonyesho, nikiwa katikati ya kubishana bei na laoban, bosi mmoja wa majaketi. Nilimrudishia sampuli yake mkononi, nikaondoka bila kumuaga. Nilifika Lushoto jioni ya siku uliyozikwa, udongo bado mbichi, maua ya kina mama wa usharika hayajanyauka. Nilikaa hapo mpaka dada akaja kunichukua.

Niliporudi huku, karatasi mpya ilikuwa imebandikwa ukutani. Mkutano wa wamiliki wa ngazi yetu.

Ungependa namna walivyojipanga, mama. Si serikali ya mtaa, wala si kampuni. Ni wenye nyumba wanaotumia ngazi moja tu, wameungana kwa jambo moja tu. Wa juu wanachangia zaidi kwa sababu wanapanda zaidi, wa chini hachangii kabisa. Si lazima wote wakubali, ila wanatakiwa wengi wa kutosha ndipo ofisi ya wilaya itoe kibali, na michoro inabandikwa kwanza ili mwenye kuumia aseme. Anayeumia akisema, watu wa ofisi ya mtaa wanakuja kupatanisha. Wakishindwa, wengi wanaweza kuendelea bila yeye.

Awei alikuwa Foshan kikazi, akaniandikia barua ya kumwakilisha. Kwenye simu aliniambia, "Wewe inua mkono tu. Usiseme sana, unajua watu walivyo." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananikinga.

Tulikutana kwenye uwanja wa pikipiki. Mwalimu Huang wa ghorofa ya tano, mstaafu, ndiye waliyemchagua kusimamia. Akauliza wanaokubali. Mikono ikainuka, na wangu ukiwemo. Ilitosha. Bibi Liang hakuja, ila mlango wake ulikuwa wazi na alikuwa anatusikia. Mtu mmoja wa ghorofa ya tisa akasema, "Basi, imekwisha. Yeye apige kelele zake kwa ofisi ya mtaa."

Mama, sijui niseme nini kilinipata. Kikantoni changu ni cha sokoni, kinajua bei na rangi na "mei you" ya kuambiwa mzigo umekwisha, ambayo hata si Kikantoni. Nilisimama nikasema kwa maneno yaliyovunjika kwamba tumeshinda, sawa, sasa tukaongee naye. Kwamba hakatai lifti, anakataa giza. Nadhani wengine hawakunielewa na wengine walinielewa vizuri mno. Mwalimu Huang akamgeukia mhandisi wa kampuni ya lifti, dada mmoja mwenye kofia ya njano, akamuuliza kama mnara unaweza kusogezwa.

"Unaweza," alisema. "Lakini ukisogea huku, lifti itasimama kati ya ghorofa na ghorofa, pale ngazi zinapokata kona. Kila mtu atabaki na nusu ngazi."

Wote tulimtazama mke wa mzee Chen. Nusu ngazi kwa mtu mwenye magoti ni kitu kidogo. Kwa mtu wa kiti cha magurudumu ni mlima. Nilitamani ardhi inimeze, kwa sababu ni mimi niliyefungua mdomo, na sasa mwanga wa mmoja ulikuwa unalipwa na miguu ya mwingine. Mama Chen hakunikasirikia. Alisema tu, "Mume wangu si mtoto. Akaulizwe mwenyewe."

Tukapanda, mimi na yeye na Mwalimu Huang. Mzee Chen alikuwa kwenye kiti chake. Tangu kiharusi anaongea polepole, neno moja, kisha mapumziko. Mwalimu Huang akamweleza mchoro kwa kidole kwenye meza. Mzee akasikiliza hadi mwisho, akauliza, "Dirisha la Liang, ni lile la chumba chake cha kulala?"

"Ndilo."

Mke wake akamfuta mdomo.

"Mimi," akasema, "miaka yote hii nina dirisha tu. Najua dirisha ni nini. Sogezeni."

"Na nusu ngazi?" mke wake akauliza.

"Nimebebwa ngazi saba. Nusu si kitu."

Nilishuka na mchoro mpya nikaenda kugonga kwa Bibi Liang. Alivaa miwani, akautazama, akanifanya nimwonyeshe kwa mkono ukutani kabisa mnara utakaposimama. Akaukunja, akaniuliza, "Mama hajambo? Anakuja lini?"

Sikuwa nimemwambia, mama. Nilikuwa nimepita mlangoni pake kila siku tangu nirudi, na sikuwa na neno. Kikantoni changu hakijui msiba. Nikasema, "Mama hayupo," nikidhani ataelewa bado uko nyumbani, na nikaona uso wake ukibadilika. Alinishika kichwa kwa mikono yote miwili, akakiegemeza begani kwake, tukakaa hivyo mlangoni huku watu wanapita na pikipiki zao. Huyo ndiye mtu wa kwanza niliyelia naye katika mji huu. Aliponiachia alikwenda kabatini akatoa mtungi wa kioo, maganda ya zamani, meusi, yale ya thamani. Alikuwa amekuwekea wewe. Akanipa. Kisha akavuta mchoro, akaandika jina lake.

Ujenzi ulichukua muda mrefu na ulikuwa na kelele na vumbi, nguo zetu zikawa za kijivu kwenye kamba. Kamati ikaweka vyuma vya kushikia kwenye ile nusu ngazi, na kila mtu akatoa siku zake za kumsaidia mzee Chen kuivuka. Awei ana Jumamosi. Mwenye nyumba mmoja wa ghorofa ya pili alikataa kuchangia, basi hana kadi ya lifti. Hatumnunii. Akibadili mawazo atalipa sehemu yake na atapewa. Mimi wameniweka kwenye watu watatu wa kuisimamia: umeme wake, ukaguzi, kumpigia fundi. Tumeshaombwa na jirani wa ngazi nyingine tutoe katika mfuko huo pesa za kamera za getini. Nilimkaribisha chai.

Jana ndiyo ilifunguliwa. Mzee Chen alishuka wa kwanza. Walipomfikisha uwanjani aliomba asimamishwe, mwanawe akamshika huku na Awei huku, na akabaki amesimama anaangalia pikipiki na watoto na nguo za watu juu, mpaka miguu ikaanza kutetemeka. Mke wake alikuwa pembeni. Alinyoosha mabega yake, mama, kama mtu aliyetua ndoo.

Kisha wote wakataka kupanda na kushuka. Elia alipanda na baba yake. Mimi nilisema nakuja, nikapita kwa miguu.

Ngazi zilikuwa tupu. Nilipanda taratibu, kwa mwendo wako. Sikuwahi kumwambia mtu kwamba siku unaondoka, tunakwenda uwanja wa ndege, ulisimama kwenye kona ya ghorofa ya sita, ukakataa nikushike, ukasema, "Nilikuja huku na hofu juu yako, Neema. Narudi sina." Halafu ukaendelea kushuka, mkono ukutani, na mimi nyuma yako nikitazama kilemba chako.

Nilikaa pale kwenye kona. Nimekuwa nikihesabu kwamba nilichelewa kukuaga Lushoto. Jana niliona kwamba tuliagana, mama. Tuliagana hapa, na wewe ulijua.

Nyuma ya ukuta nilisikia lifti ikipita kwenda juu, na sauti za watu ndani yake. Elia akaniita kutoka ghorofa ya nane. Nikainuka, nikamalizia kupanda.

Lala salama, mama yangu. Popo anakusalimu.

Kitinda mimba wako,
Neema