Karani na Ndege wa Mzee

Majengo, Songea
6 Februari 1994

Mama mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristu. Shikamoo. Naomba barua hii ikukute kifua kimepoa na moshi wa bani la kukaushia tumbaku haukusumbui kama mwaka jana. Sisi tupo. Mdogo wake Ida, Leo, anaota meno, hataki kuwekwa chini, kwa hiyo mwandiko ukienda kombo ujue nimempakata.

Paka wako Karani amefika. Daimu dereva alimshusha na kikapu chake akasema, "Shemeji, pokea abiria wako, njia nzima amenitukana." Baba alipomwona alitoa machozi. Kuongea bado, ni ile "ee" yake tu tangu kiharusi kimpige, ila jicho lilimjua. Karani hakuuliza, akapanda mapajani pake akalala. Mwanao Selestine akasema karani amefika kazini, sasa tutaandikwa mahudhurio.

Nikueleze habari ya mkono. Muuguzi alisema mkono wa kulia usipopewa kazi utakauka. Nikaanza kumpa Baba ungo wenye pumba, achote kidogo kidogo. Mwanzoni alikuwa anajimwagia mapajani. Tetere wakaziona zile pumba, wakaja. Basi siku hizi anakaa kwenye kibaraza cha uani, wanashuka kutoka kwenye mpera, tetere na shomoro na wale shore wenye kelele, naye anawarushia. Anarusha, mama. Mkono uliokuwa hautoki pajani sasa unavuka ukingo wa kiti. Akirusha mbali anacheka, mdomo upande mmoja, lakini anacheka.

Asubuhi hii nimekuta manyoya ya tetere karibu na bomba. Nimeyafagia kabla Baba hajatoka. Nadhani ni ugeni, Karani atazoea.

Mkamwana wako,
Kasiana, Mama Ida


Namtumbo
21 Februari 1994

Mama Ida mwanangu,

Milele amina, na marahaba. Kifua kipo kipo. Tumbaku ndiyo tunaingiza banini, siwezi kuondoka hata siku moja, moto ukizidi ni hasara na ukizima ni hasara. Vibarua wa siku hizi ukiwapa kisogo wanalala.

Nimefurahi habari ya mkono mpaka nimemsomea jirani. Hayo manyoya yasikutishe. Paka huyo hapa amekula ndege miaka yote na ndege hawajaisha. Mpe dagaa ashibe, atatulia.

Nilimtuma kwa sababu mimi mwenyewe nimeshindwa kuja. Nikaona angalau kitu cha nyumbani kwake kimguse. Nyumba imekuwa kimya, nilizoea anikanyage alfajiri nikawashe moto. Mwambie Baba Selestine namsalimu sana. Mwambie kwamba Karani akikaa pale mapajani, ajue ni mimi nimekaa.

Mama yenu,
Kunegunda


Majengo
13 Machi 1994

Mama,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristu. Habari za moshi na vibarua? Huku Ida alikuwa na homa, imeshuka. Leo ametoa meno ya chini, amehamia kuning'ata.

Mama, naandika jambo ambalo nimelizungusha kichwani wiki nzima nikifua nguo. Dagaa nampa. Anakula, anashiba, anajilamba, kisha anatoka kuua. Ndege wenyewe hali. Anawachezea wakifa anawaacha mlangoni pa jikoni, ananitazama kama anangoja nimsifu. Kwa hiyo siyo njaa. Nilimfunga shingoni uzi wa vizibo vya soda ili vilie akitembea. Baada ya siku chache akajifunza kutembea navyo bila kulia, sijui anafanyaje. Hata mijusi wa ukutani wamekwisha, nzi ndio wamebaki kutawala.

Ndege hawaji tena. Wanatua kwenye waya wa umeme, wanamwona, wanaondoka. Baba anakaa na ungo, pumba zimo mkononi, hazirushi. Nilimwambia, "Rusha, Baba." Akanitazama kama nimemwambia azungumze na ukuta. Kweli, amrushie nani? Nimejaribu kumpa mpira wa Ida, nimejaribu kumpa maharage achambue, anaviacha. Sasa mkono umerudi pajani, na vidole vimeanza kujikunja tena. Namnyoosha jioni kwa mafuta, anaumia.

Naomba Karani arudi Namtumbo. Siyo kwamba namchukia, nalala naye miguuni. Ni kwa ajili ya mkono.

Mkamwana wako,
Kasiana


Namtumbo
20 Machi 1994

Mama Ida,

Marahaba. Sisi wazima.

Nilikuandikia kwamba paka huyo akikaa pale ni mimi nimekaa. Nawe unanirudishia. Haya.

Mimi nimeishi na mzee huyo tangu hujazaliwa. Ndege tulikuwa tunawafukuza kwenye mtama kwa mawe, yeye ndiye alikuwa wa mbele, leo wamekuwa dawa. Mwambie Selestine amkate paka ncha za masikio. Kwetu wote tunafanya hivyo. Masikio yakiwa mafupi umande unaingia, paka anachukia majani, anakaa ndani kulinda panya. Wembe mpya na majivu ya kuzuia damu, basi. Siyo kazi ya kunitumia barua.

Kunegunda


Majengo
5 Aprili 1994, Jumanne ya Pasaka

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kristu amefufuka. Pasaka tulikula vizuri, Selestine alirudi na marobota yake ya mitumba kutoka Namasakata, akaleta kuku. Tulikukumbuka mezani, Ida alikutengea kipande.

Barua yako nilimpa mwanao aisome. Jana Jumatatu alinunua wembe, akamkamata Karani, akakaa kibarazani mbele ya Baba. Mimi nilisema, "Sipendi." Akasema, "Mama kasema." Nikasema, "Mama hayupo hapa kusikia kilio." Akaanza kunitania kwamba mimi ni wakili wa paka niliyemshtaki mwenyewe. Tukawa tunabishana hivyo, hatumwangalii mzee.

Mama, Baba alinyanyua mkono. Ule wa kulia. Ulitetemeka mpaka nikaogopa, akauweka juu ya kichwa cha Karani, akafunika masikio yote mawili. Akasema "ee", na siyo ile ya kukubali. Selestine akafunga wembe kwenye karatasi akaenda kukaa mbele ya nyumba peke yake.

Basi sijui niseme nini. Nilidhani ni ndege tu wanaomwamsha, kumbe na paka pia. Anawapenda wote, na mmoja anawamaliza wenzake. Masikio sitamkata, hilo nakueleza wazi. Nimeamua Karani akae ndani asubuhi yote, Baba akiwa na ndege, atoke mchana jua likiwa kali. Tujaribu hivyo. Shore wameanza kujenga kwenye mpera, labda ni dalili njema.

Usikasirike nami. Sikukurudisha wewe.

Kasiana


Majengo
24 Aprili 1994

Mama,

Shikamoo. Hujanijibu, natumaini siyo kifua.

Daimu atakupa barua hii pamoja na kikapu. Karani yumo.

Kumfungia hakukuwezekana. Nyumba ya vyumba viwili, mtoto mgongoni, mwingine anakwenda chooni kila saa, mlango unafunguliwa na kila mtu. Wiki iliyopita Ida alitoka kuchota maji ya kuchezea, Karani akapita katikati ya miguu yake. Shore jike alikuwa anarudi na mdudu mdomoni. Baba alikuwa amekaa chini ya mpera palepale, akaona yote.

Makinda walilia mchana kutwa. Nilipanda kwenye stuli nikawapelekea viwavi wa kwenye mboga zangu za chainizi, hawakupokea kutoka kwangu. Dume alikuja akashindwa kutua, kwa sababu paka alikuwa amelala chini pale, ametulia kabisa, hana kosa kwa akili yake. Kesho yake wakawa kimya. Baba alikuwa anatazama juu tu. Uji aliukataa, chai aliikataa.

Nikakaa chini mbele yake nikamwuliza, "Baba, Karani arudi kwa mama?" Kisha akamwinua kutoka mapajani kwa mkono mzima, akanipa. Mimi sikumlazimisha, na Mungu ananiona.

Mama, nakuheshimu. Wewe umeishi naye kuliko mimi. Lakini mimi ndiye namwogesha, ndiye namnyoosha vidole, mimi ndiye naona kinachokwenda mbele na kinachorudi nyuma. Kwa hili nisikilize.

Mkamwana wako,
Kasiana


Majengo
22 Mei 1994

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hii ni ya tatu bila jibu. Daimu anasema kikapu alikukabidhi mkononi, nawe ulikipokea. Alisema, "Shemeji, mama mkwe wako hata maji hakunipa." Basi najua u mzima.

Huku bado. Nilidhani paka akiondoka leo ndege watarudi kesho. Hawakurudi. Baba anatoka na ungo, anakaa, jua linapanda, anaingia. Selestine anasema nimepoteza paka na ndege pia. Mimi nachoka, mama, siku nyingine nalala nimekaa. Lakini kila asubuhi namtoa, namwekea ungo, naendelea na kazi zangu.

Siandiki ili uniombe radhi wala nikuombe. Nataka tu kujua unaendeleaje.

Kasiana


Namtumbo
12 Juni 1994

Kasiana mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristu. Mko wazima? Leo anatembea? Ida bado anachezea maji?

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira akishika kalamu anaharibu. Niliona umenifukuza nyumbani kwa mwanangu kwa kutumia kikapu.

Karani alipofika nilifurahi kama mtoto. Alinikanyaga alfajiri kama zamani. Halafu kifua kikanilaza, nikakaa kibarazani wiki nzima bila kazi, jambo ambalo halijanitokea tangu niolewe. Nikawa natazama. Akaniletea chozi, kale kandege kadogo ka kwenye maua. Akaleta kinda la kwale. Akaleta mjusi, akaleta chozi mwingine. Nilikuwa navifagia hivi miaka yote, kama majani tu. Safari hii nilikuwa sina nguvu ya kufagia, vikabaki mbele yangu.

Nilikuambia ndege hawajaisha. Nikakaa nikasikiliza kama ni kweli. Tulipojenga hapa tetere walikuwa wanatuamsha mpaka Baba Selestine anawatukana. Sasa wanalia kule ng'ambo ya mto, kwenye miti iliyobaki. Sijui ni paka au ni shoka letu, maana kuni za bani zimekula miti yote ya upande huu. Labda ni vyote viwili. Najua tu kwamba sikuwahi kuuliza.

Tumbaku imeshuka banini, kazi imepungua. Nataka mzee wangu arudi. Lakini nilipolitamka hilo nikamtazama paka, paka akanitazama. Nimempeleka kwa mlinzi wa ghala la tumbaku kule barabarani. Panya wa pale wana vitambi, na kiwanja ni saruji tupu, hakuna jani. Mlinzi ni mpole, alimpa jina jipya palepale, nikamwambia jina analo. Nimelia njiani. Usimwambie Selestine, atanitania mpaka Krismasi.

Niambie mnakuja lini. Na mkono ukoje, usinifiche.

Mama yako,
Kunegunda


Majengo
3 Julai 1994

Mama mpendwa,

Shikamoo sana. Barua yako nimeisoma mara nyingi, nyingine nikiwa jikoni, mpaka ugali ukaungua.

Tetere wamerudi. Kwanza alikuja mmoja, akatua mbali karibu na bomba, akaondoka. Baba hakupumua. Sasa wanashuka kadhaa, na shomoro kama kawaida yao hawana haya. Shore hawajarudi, na sidhani kama watarudi mwaka huu. Chainizi zangu viwavi wamezitoboa zote, naona ndiyo bei ya kuwakosa.

Mkono umeanza upya, siyo pale ulipoachia, nyuma kidogo ya pale. Sikufichi. Ila anarusha. Na juzi, bila kuambiwa, alichukua kikombe cha togwa kwa mkono ule ule. Nusu iliingia mdomoni, nusu kifuani. Akaniangalia kuona kama nitamkaripia. Nikamjazia tena.

Daktari ameruhusu. Tutakuja na Daimu Jumamosi ya wiki ijayo, mimi na Baba na watoto, nitakaa siku chache mpaka mzoeane. Daimu anauliza kama safari hii kuna maji ya kunywa. Mimi nitakapofika, mama, naomba kitanda, nilale mpaka nichoke kulala.

Nikuagize mambo na usiyachukulie kama nakufundisha kumtunza mume wako. Kiti chake kiwe uani, siyo sebuleni na wageni. Wageni wanamsikitikia mbele ya uso wake, hapendi. Mafuta ni jioni, vidole kimoja kimoja kuanzia kidogo. Ndege wasipokuja siku za kwanza, usimwingize ndani, mwache angoje, kungoja anaweza.

La mwisho ndilo gumu, najua litakuwa gumu kwako kuliko kwangu. Akishika kikombe, mkono utatetemeka, na wewe utataka kumshikia. Usimshikie. Atamwaga kwenye shati, atamwaga kwenye mkeka wako mpya. Kaa na mikono yako mapajani, mama, mwache amwage.

Mwanao,
Kasiana