Posa ya Rehema na Dada wa Mfalme

Kariobangi, Nairobi

Mama yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Goti lako linaendeleaje? Kila nikiamka ndilo ninaloliwaza kwanza. Mimi ni mzima, bado nafundisha historia, ila Jumapili nilijitia aibu, na heri uisikie kwangu kabla haijafika huko Mumias kwa mdomo wa mtu mwingine.

Hapa mtaani wapo Mzee Bakari na Mzee Salim, wenye maduka ya hadiwea yanayotazamana. Hawajasalimiana tangu Salim amnyang'anye Bakari fundi wa kuchomelea. Jamaa zao wakaona dawa ni moja: Idi wa Bakari amwoe Rehema wa Salim, ugomvi uishe. Mimi, kwa kuwa ni mwalimu, nikafanywa msemaji wa posa.

Nikasimama sebuleni kwa Mzee Salim, kifua mbele. "Wazee wangu, jambo hili ni la kale. Roma ilipokuwa na wafalme wawili, mmoja alimwoza mwenzake dada yake. Wakawa mashemeji, amani ikapatikana."

Wakapiga makofi. Laiti ningeketi hapo, Mama!

Rehema akauliza kutoka nyuma ya pazia, "Na baadaye, mwalimu?"

Unanijua, uongo haunipiti kooni. "Baadaye walipigana. Yule dada akamlilia kaka yake amhurumie mumewe. Kaka akaahidi, kisha akaamuru shemeji yake auawe."

Chai ikampalia Mzee Bakari. Idi akaninong'oneza, "Ticha, umenichomea!"

Rehema akatoka. "Baba, Idi nampenda, na mwenyewe anajua. Lakini siolewi niwe kufuli la maduka yenu. Mkikosana tena, nitamlilia nani? Pataneni kwanza, ndipo mniulize."

Mzee Salim akalikodolea macho zulia. "Bakari, yule fundi nilimshawishi mimi. Nisamehe."

Mzee Bakari akapangusa chai kwenye kanzu. "Nimekusamehe. Hata hivyo alikuwa mvivu."

Tukacheka mpaka mamake Rehema akatokwa na machozi, na posa ikakubaliwa papo hapo. Arusi ni mwezi ujao. Jambo la kwanza wazee hao waliloafikiana ni kwamba mimi nikae mbele, nile pilau nishibe, ila kipaza sauti nisikikaribie.

Nisalimie shangazi, mwambie leso aliyonitumia nimeipata. Nibusie mkono wa nyanya. Na baba mdogo, anayenitafutia mchumba huko, mwambie kwanza anieleze kama ana ugomvi wowote na baba wa msichana.

Mwanao akupendaye,
Hamisi