Simu za Nyumba Nzima Ndani ya Mkoba Mmoja

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Kama lilivyo kwenye kitambulisho alichoonyesha. Mtaani anaitwa Mama Cherehani.
Umri: Miaka 53
Kazi: Fundi wa kushona nguo
Makazi: Nyumba ya kupanga iliyo nyuma ya kituo cha mafuta
Kuhusu: Mwanafunzi wa kike wa chuo kikuu, mwaka wa mwisho, aliyekamatwa na simu kumi na moja
Tarehe na saa ya kuanza: Tarehe 15, saa 12:40 asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Naeleza ninayoyajua kwa macho yangu, na naomba afande uandike huku ukitazama saa. Binti mliyemlaza mahabusu anatakiwa awe chuoni leo saa tatu kamili asubuhi, asimame mbele ya wahadhiri wake atetee mradi wake wa mwisho. Asipofika anarudia mwaka, na mwaka mwingine hana wa kumlipia. Hilo nimelitanguliza makusudi, lisije likasahaulika katikati ya mengine.

Binti huyo si damu yangu. Ananiita mama, nami namwita Msomi, na nyumba nzima ikafuata. Tulijuana mwaka jana alipoleta sketi nimpunguzie kiunoni. Nilipompima nikaona sketi haina kosa lolote, mwenyewe ndiye aliyekwisha. Nikamuuliza, "Mwanangu, unaumwa?" Akacheka, akasema, "Siumwi mama, nimefunga mkanda tu." Nikamwambia mkanda wenyewe umefika tundu la mwisho, akae anywe chai.

Hapo ndipo nilipojua habari zake. Mjomba wake aliyekuwa akimsomesha alipunguzwa kazi kiwandani. Mkopo wa chuo ukawa unalipia masomo, lakini kulala na kula ni juu yake. Bwenini alikuwa amekwisha ondoka. Nina chumba cha kazi chenye meza kubwa ya kukatia vitambaa, nikamwambia chini ya meza pana nafasi ya godoro. Amelala hapo tangu siku ile. Anaamka kabla yangu, anafagia vipande vya nguo, na pini zilizoanguka anaziokota moja moja kwa sumaku. Sijawahi kumwambia afanye hivyo.

Sasa nieleze habari ya simu.

Nyumba yetu haina umeme. Nyaya ziliungua wakati wa mvua, na mwenye nyumba anatupiga kalenda, kila mwezi anatuambia mwezi ujao. Mimi cherehani yangu ni ya kukanyaga na pasi yangu ni ya mkaa, kwa hiyo sikufa. Tatizo likawa simu. Njia panda kuna kijana anayechaji simu za watu, lakini kwake unaacha simu yenye betri nzima unarudishiwa yenye betri iliyovimba, na ukiuliza anakuapia kwa marehemu bibi yake.

Msomi ndiye aliyekuja na wazo. Alituita uani jioni moja, akasema maktaba ya chuo ina umeme mchana kutwa, naye anashinda humo akisoma kwa sababu vitabu vya kununua hana. Amemwomba mkutubi, na mkutubi amemruhusu atumie soketi za pembeni, nyuma ya rafu za magazeti. Tukimpa simu asubuhi atazirudisha jioni zimejaa. Dereva wa lori anayekaa chumba cha mbele akauliza, "Utatutoza bei gani?" Msomi akasema, "Sitaki hela. Hela nikiipata leo, kesho imekwisha. Nataka sahani." Akaeleza kwamba kila mwenye simu atampa chakula cha jioni siku ya zamu yake, kile kile anachokula yeye, si zaidi.

Watu walicheka, lakini waliona ni haki. Nami nilimwangalia yule mtoto nikajisemea, huyu hatakufa njaa katika dunia hii. Hakuomba, hakulia, hakumsumbua mtu. Alitafuta kitu ambacho sisi hatuna na yeye anacho, akakiweka mezani. Tangu hapo sketi ile haikuhitaji kupunguzwa tena.

Kwa uaminifu sijaona mfano wake. Kila simu aliizima mbele ya mwenyewe kabla ya kuiweka kwenye mkoba. Alisema ikizimwa inajaa upesi, na pia hataki mtu aje kumwambia amesoma ujumbe wake. Namba za siri hakutaka hata kuzisikia. Mama pacha, jirani yangu wa ukuta mmoja, alitaka kumtajia yake, Msomi akaziba masikio akaimba mpaka mwenzake akaacha. Afande, huo uaminifu ndio uliomponza, nitafika hapo.

Mwanzoni kulitokea fujo moja. Dereva na mpangaji mwenzetu kinyozi wana simu nyeusi zinazofanana, zikabadilishana. Mke wa dereva akapiga jioni, akapokelewa na sauti ya mwanamume mwingine inayomwambia, "Subiri kidogo, nimeshika kichwa cha mtu." Yaliyofuata siyasemi, hayahusiani na kesi hii. Kesho yake Msomi aliniomba vipande vya nguo nimshonee vifuko. Nikaona nikishona vyote kwa kitambaa kimoja tutarudi kule kule. Wapangaji wote nguo zao nashona au nabana mimi, na mabaki situpi. Basi kila mtu nikamshonea kifuko kwa kipande cha nguo yake mwenyewe. Dereva alipata khaki niliyoikata nilipofupisha suruali yake, na kwa kuwa ana simu mbili alipata vifuko viwili. Mama pacha alipata maua ya zambarau ya gauni lake. Mzee wa redio, mstaafu wa chumba cha pembeni, alipata mistari ya pajama yake, akalalamika kwamba sasa chuo kizima kitajua anavyolala. Na Msomi nilimshonea chake, cheupe chenye mstari wa buluu, kutokana na shati lake la sekondari ambalo mikono yake ilikuwa imechakaa. Jumla vifuko kumi na viwili.

Mnamo tarehe 14, yaani jana, majira ya saa moja asubuhi, Msomi aliondoka nyumbani na mkoba kama kawaida. Alinikuta napiga pasi shati jeupe nililomshonea kwa ajili ya kutetea mradi. Mradi wake unahusu mabomba ya maji yanayovuja chini ya ardhi. Alinieleza mara nyingi na nilielewa vizuri, kwa sababu bomba la uani kwetu ndilo alilofanyia majaribio, na sasa halivuji. Aliligusa shati kola akasema, "Mama, nikifeli nikiwa nimevaa hili, watasema nguo imefaulu." Nikamfukuza aende.

Kwa kawaida anarudi saa kumi na mbili jioni. Jana saa hiyo ilipita, na saa moja usiku ikapita. Ilikuwa zamu ya mama pacha, sahani ikafunikwa. Watu wakaanza kutoka vyumbani mmoja mmoja, na maneno ya chini chini yakaanza. Dereva akasema, "Tumpigie." Tukatazamana, maana hakuna aliyekuwa na simu. Alikimbia kituo cha mafuta, akaazima simu ya mhudumu, akapiga namba ambayo Msomi aliniandikia kwa chaki ukutani. Haikupatikana. Akarudi amebadilika uso. Akasema, "Kazima. Katuacha mkono mtupu huyu."

Niliumia, nasema wazi. Dereva si mtu mbaya, na zile simu mbili ndizo zinazomletea mizigo. Niliwaita wote chumbani kwangu nikawaonyesha chini ya meza. Madaftari yalikuwepo, viatu vya kanisani vilikuwepo, na shati lilikuwa limetundikwa. Niliwaambia mtu anayetoroka haachi shati aliloshonewa kwa siku kubwa ya maisha yake. Dereva mwenyewe akasema twende chuoni.

Tulifika getini kama saa mbili usiku. Mlinzi alituambia bila kuficha. Alieleza kuwa wiki hii simu zimekuwa zikiibwa mabwenini, na yeye ameagizwa afungue macho. Mkutubi aliyemzoea Msomi yuko likizo. Mchana yeye mlinzi alimkuta binti nyuma ya rafu za magazeti, amezungukwa na simu zilizozimwa. Akamwambia awashe moja na afungue, binti hakuweza, hajui namba ya siri hata ya mtu mmoja. Akamwambia, "Kama ni za majirani, wapigie waje wakutolee ushahidi." Binti akajibu, "Siwezi, simu zao ndizo hizi." Mlinzi alisema yeye na wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu, kisha wakaita polisi.

Simlaumu mlinzi. Hata mimi ningesimuliwa habari hiyo ningeona natiwa mchanga machoni. Lakini ndiyo kweli yenyewe. Watu pekee waliojua kwamba yule mtoto si mwizi, njia zote za kuwapata zilikuwa ndani ya mkoba wake.

Tulikuja hapa kituoni. Askari wa zamu alitwambia mpelelezi ameondoka, turudi asubuhi. Nilimwomba ampe Msomi sahani ya mama pacha niliyotoka nayo nyumbani, akampa, namshukuru. Nikarudi nyumbani kukusanya vielelezo, na ndivyo hivi nilivyokuwekea mezani, afande: gauni la mama pacha, suruali ya khaki ya dereva, pajama ya mzee wa redio, koti la kazi la kinyozi, na nyingine zote. Dereva anasubiri nje amejifunga shuka langu, kwa sababu suruali yake ya pili haijakauka. Umeona mwenyewe ulivyoviweka vifuko juu ya nguo moja baada ya nyingine. Rangi ni ile ile, nyuzi ni zile zile, na mshono ni wangu. Huu uzi mwekundu ninaomalizia pembeni naufanya kwenye kazi zangu zote, tazama hata nguo niliyovaa.

Kikabaki kifuko cheupe chenye mstari wa buluu. Umeniuliza, "Na hiki cha kumi na mbili ni cha nani?" Nikasema ni cha simu ya Msomi mwenyewe. Ukaniambia kwenye orodha ya kukamatwa simu ni kumi na moja. Nikakibonyeza, kigumu, nikakwambia hesabuni vizuri. Ukakifungua mbele yangu. Ndani mlikuwa na kipande cha sabuni ya kufulia kilichofungwa kwenye karatasi.

Umemwita Msomi tukamuuliza wote wawili. Ameinamisha kichwa akasema simu yake aliiuza muhula huu ulipoanza, ili apate kuchapisha mradi na kuufunga jalada. Sabuni ni ya kufulia nguo zake chuoni mchana, kwenye mabomba ya bweni, asitumalizie maji ya ndoo nyumbani. Nikamuuliza, "Na mbona hatukujua?" Akasema, "Mngejuaje, mama? Nikiwa mbali simu zenu ninazo mimi. Nikiwa karibu mnaniita kwa mdomo."

Afande, andika na hili. Miezi yote hiyo nilikuwa naona anatubebea simu zetu pamoja na yake. Kumbe alikuwa anatuchajia sisi, na yeye hana hata moja. Nina watoto wangu wawili wakubwa wanaojitegemea, nawapenda na najivunia. Lakini jeuri ya yule binti ya kutokuwa mzigo kwa mtu, sijaiona kwa wangu wala kwa wa jirani. Mtu wa namna hiyo akikwambia bomba linavuja, mwamini uchimbe.

Shati lake hili hapa, nimelikunja juu ya zile nguo za vielelezo, lakini si kielelezo. Naomba apewe mahali pa kuoga na kubadilisha. Dereva naye ameniomba niseme kwamba maneno ya jana ameyameza, na zamu yake inayofuata atapika nyama.

Nimeyasema haya kwa hiari yangu, nimesomewa yote, hayana pungufu wala nyongeza. Ni mimi.

Sahihi: (imewekwa)

Maelezo ya ofisa aliyeandika:

Shahidi amesomewa maelezo, ameyakubali na kutia sahihi mbele yangu saa 1:55 asubuhi. Vifuko kumi na kimoja vyenye simu vimelinganishwa na nguo kumi na vimeafikiana. Kifuko cha kumi na mbili amerudishiwa mwenyewe pamoja na sabuni yake. Mtuhumiwa ameachiwa bila masharti saa 2:05, amebadilisha nguo kituoni, na amefikishwa chuoni kwa gari la kituo saa 2:35 akiwa na shahidi. Wenye simu wametumiwa habari waje kuzichukua na vitambulisho.

Kabla ya kupanda gari, mwanafunzi ameomba simu hizo zichomekwe kwenye umeme hapa kituoni wakati wenyewe wakisubiriwa. Amesema jana alikamatwa kabla hazijajaa, na sahani ya jana amekwisha kuila.

Zimechomekwa.