Saa Moja na Dakika Kumi

Uwanja wa Ndege Manyara,
12 Julai

Dada yangu Selestina,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Samunge, na kwamba baridi ya milimani haijakuzuia kwenda kufundisha. Huku Endamarariek hatujambo. Mama goti linamsumbua, lakini bado ana nguvu za kugombana na kuku. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Nimemwona Leodegar. Ndiyo, huyo huyo. Juzi asubuhi alikuja kupanda ndege ya Mwanza, na mimi ndiye ninayepima mizigo. Hakunitambua. Miaka sita iliyopita nilikuwa mdogo wako tu, wa kutumwa kuni.

Mimi sikumsahau. Siku aliyopaswa kutuletea asali ya posa, wazee walikaa tangu asubuhi, nawe umevaa gauni la kijani. Uliuliza kutoka Mwanza ni mwendo gani, na hakuna aliyejua, maana kwetu hakuna aliyewahi kupanda ndege. Yeye alisema kwa simu kwamba ndege huchukua siku nzima, tumsubiri. Basi kila ndege iliyopita juu tulitoka nje kuipungia mikono! Ulisubiri mpaka wazee wakaaga, ukasubiri na kesho yake. Wiki yangu ya kwanza kazini nilimwuliza rubani, akaniambia ni saa moja na dakika kumi. Nilichukia hadi chakula kikanishinda.

Juzi alibeba dumu la asali. Alijisifu kwa abiria wenzake kwamba anakwenda kuposa, kwamba wakwe ni watu wa kwetu waliohamia Mwanza, na wazee wao nao hawafungui mdomo kabla ya asali kufika. Nikaliweka dumu kwenye mzani, nikamwambia limezidi. Ndege ni ndogo, uzito una sheria: aache asali apande, au abaki nayo. Alinibembeleza, akaniita dada, akaniita mama. Ndege ikaondoka bila yeye. Akakodi gari apite Ngorongoro na Serengeti, nikamtazama anavyolifunga lile dumu kwa kamba. Moyo wangu ulishiba, dada.

Sasa nikuambie nisilomwambia hata Mama. Dumu halikuzidi. Niliukanyaga mzani kwa ncha ya kiatu.

Na si hilo tu. Mchana yule binti anayekwenda kumposa alipiga simu ofisini, kwa kuwa ya Leodegar haikupatikana huko porini. Aliuliza kwa adabu, kutoka Manyara ni mwendo gani. Nikamjibu kwamba ndege huchukua siku nzima. Akanishukuru, akasema haya, watamsubiri. Ulisema hivyo hivyo.

Kwa Leodegar sijutii hata kidogo. Ila sasa atakuwa ameshafika, na wazee wataitana upya. Namba ya binti nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Mimi nimeshindwa kumpigia. Mpigie wewe, umwambie ulivyosubiri, kisha aamue mwenyewe kama hiyo asali italiwa.

Mama anakusalimu, na mtama umekubali mwaka huu. Wasalimie walimu wenzako.

Mdogo wako akupendaye,
Evarista