Picha ya Ford Mpya

Bathurst, Novemba 1995

Kwako Darryl,

Mawaridi ya Mama yamechanua, mbwa wako mzima. Salamu zimetosha.

Mdogo wangu, ulipatwa na wazimu gani kutuma picha umeegemea Ford mpya, tena wiki ya mbio za magari, katika nyumba isiyopanda ila Holden, mahasimu wa Ford? Baba alifoka kitandani: "Mwambie huyo msaliti asikanyage kwangu!" Nawe ukajifanya mtiifu, hata mazishini kwake hukuja. Tangu lini ukamsikiliza Baba?

Jana nilitandua kitanda chake. Picha ilikuwa chini ya mto. Gari amelikata lote kwa mkasi. Umebaki wewe, umeegemea hewa, unacheka.

Sikutumii. Njoo uichukue mwenyewe, hata na hiyo Ford.

Dada yako aliyekasirika,
Noelene