Tata, Usiitoboe Hiyo Kipanga

Tata, baba yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na mama, na kabla sijauliza habari za mvua ya Nyacheki wala za majani chai, nijibuni hili moja: mko salama? Mimi ni mzima wa mwili. Hapa Doha joto ni lile lile, na hotelini bado nafua mashuka. Lakini roho yangu haijatulia. Naogopa, Tata. Naiogopa ile simu yako.

Uliponiambia Kipanga yako imevimba mgongo hadi kifuniko hakifungi, na kwamba umeikaza kwa ukanda wa mpira wa tairi, nilicheka. Nyumba yetu ni ya Kipanga tangu nizaliwe. Redio ni Kipanga, pasi ni Kipanga, hata ile runinga inayopoteza rangi mvua ikianza ni Kipanga, na ole wake mgeni atakayeisema vibaya mbele yako. Ukanijibu, "Simu ni kama ng'ombe, Kemunto. Huwezi uza ng'ombe kwa sababu amekohoa siku moja." Halafu ukaongeza maneno yaliyonikosesha usingizi: "Ikizidi kuvimba nitaitoboa na msumari, upepo utoke."

Najua ng'ombe wa mtu akivimba tumbo ni wewe unayeitwa, na unajua pa kumdunga akapona. Lakini betri si ng'ombe, Tata. Ukiidunga inatoa moto. Nimeuona kwa macho yangu.

Nakato, Mganda ninayelala naye chumba kimoja, alikuwa na Kipanga kama yako, nayo ikavimba vivyo hivyo. Akachukua kijiko akaibonyeza ili kifuniko kirudi mahali pake. Ikafoka, ukatoka moshi mweupe, mara moto ukarukia kitanda. Tulikimbia tukipiga mayowe. Mkono wake wa kulia umefungwa bandeji mpaka leo, na mimi ndiye ninayemlisha na kumfunga vifungo vya nguo.

Nilikupigia palepale, ukawa hupatikani. Nikapiga tena na tena, kimya. Nikampigia dada Moraa huko Ogembo nikilia, naye akapanda bodaboda kuja kuwaangalia. Aliniambia mko wazima, ila umeizima simu na kuifungia kwenye sanduku chini ya kitanda eti ipumzike, na isiponywea msumari uko tayari. "Nimemwambia mpaka nimechoka," alisema. "Tata haambiwi na mtoto, si unamjua?" Chini ya kitanda, Tata! Kitanda ambacho mama, na mguu wake ule mgonjwa, hata kukishuka ni lazima ashikwe mkono.

Basi nimemtuma Ombati, yule kijana wa Itumbe ninayefanya kazi naye, anayekuja nyumbani likizo. Amebeba barua hii na simu mpya. Usikunje uso, ni Kipanga. Nakato aliponiona nikiinunua aliniuliza kama nimerogwa. Lakini nakujua, Tata. Ningekutumia ya jina lingine ungemgawia mtu, ukarudi kuuguza mgonjwa wako. Afadhali Kipanga mpya kuliko Kipanga yenye tumbo, ingawa hii nayo naiogopa. Siku utakayoiona imeanza kunenepa, itoe nje na umwite Moraa.

Ombati nimempa sharti, naye ameapa. Hataonja chai wala obokima, ule ugali wa mama, mpaka ile simu ya zamani itoke ndani ya nyumba na awe ameishika yeye. Ataipeleka kwa fundi mjini Kisii. Usiitupe motoni wala chooni. Ukikataa, atakaa kwenye kiti chako na njaa yake, kisha aondoke hivyo, na majirani wote watajua kwamba mgeni ametoka kwako bila kula. Nisamehe kwa kukutega. Nimekosa njia nyingine.

Nisalimie dada Moraa na shemeji, umwambie nimeshukuru kwa ile safari ya bodaboda. Msalimie nyanya, na shangazi wa kwaya ya Sabato, aniombee asichoke.

Ukiwasha hiyo mpya, nipigie. Najua si adabu, Tata, lakini usianze na salamu. Mpe mama simu kwanza, nimsikie akiongea.

Ni mimi binti yako mwoga,
Kemunto