Unga Chini ya Mti

Shoga, nimekaa jikoni, hata moto sijawasha.

Ule unga wa mbao ninaofagia kila asubuhi chini ya mti wetu! Kumbe si wa yule fundi seremala wa hapo nje. Nimemgombeza yule baba miezi mitatu mizima. "Mama, leo sijakata hata ubao," ananiambia, na mimi namjibu, "Basi mti unajisaga wenyewe?"

Unajisaga wenyewe, mwenzangu. Wenyewe!

Leo bwana misitu kaingiza waya kwenye tundu la mti, akachomoa buu nene kama kidole changu. Anasema ni mtoto wa yule mdudu mweusi mwenye pembe ndefu kuliko mwili, tuliyemcheka siku ile. Wamekula moyo wote wa mti. Nikamuuliza dawa. "Dawa ya nini, mama? Limebaki gome tu." Unakatwa kesho, pamoja na minne ya jirani.

Sasa sikiliza. Yale magogo ya matawi ya mti huu uliyochukua kwangu ya kutengenezea vigoda, ukayaegemeza kwenye mti wako, yachome leo hii. Usimngoje baba watoto. Ingawa naona tumeshachelewa.

Bwana misitu aliniuliza nani mwingine alichukua magogo hapa. Nimekutaja, shoga. Ningefanyaje? Wakitoka kwangu wanakuja kwako, na msumeno.